Sura ni Yake, Mtambo ni Wao

Mtangazaji maarufu akikosekana kwenye runinga wiki mbili hivi, Kenya nzima huuliza swali moja: ameacha au ameachishwa? Hapa Nakuru utalisikia kwa kinyozi Free Area, ndani ya matatu ya Njoro, na pale Section 58 kwenye kibanda cha chapo na madondo ambako runinga iko juu ya friji na haizimwi. Swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya udaku. Watu wanataka kujua nani kamkosea nani, alikuwa analipwa ngapi, na sasa anaenda kituo gani. Baada ya siku tatu stori imekufa, sura mpya imekalia kiti, na maisha yanaendelea.

Mimi naona tunaharakisha kuizika. Ugomvi wa mtangazaji na kituo chake ni mahali pachache ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuchungulia ndani ya jikoni ya habari akaona nani hasa anapika. Siku nyingine zote mlango umefungwa. Kwa hiyo tuchukue ugomvi mmoja, wa mapema 2018 kati ya Larry Madowo na waajiri wake wa NTV, tuufuate nyuma hadi ulikoanzia. Njia hiyo inapita Bonde la Ufa zaidi ya mara moja.

Siku ambayo skrini ziligeuka nyeusi

Jumanne, Januari 30, 2018. Raila Odinga, aliyesusia marudio ya uchaguzi wa urais ya Oktoba 2017, alikuwa anaapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Siku moja kabla, Linus Kaikai, wakati huo bosi wa NTV na mwenyekiti wa Chama cha Wahariri wa Kenya, alikuwa ametoa taarifa nzito: wakubwa wa vyombo vya habari waliitwa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akawatishia kwamba atakayerusha sherehe hiyo moja kwa moja atafungiwa kituo.

Tisho halikuwa maneno tu. Asubuhi hiyo NTV, KTN News, Citizen na Inooro zilizimwa. Aliyekuwa amekaa mbele ya dikoda Nakuru aliona skrini nyeusi kama tu aliyekuwa Nairobi, Garissa au Homa Bay. Wenye bando walihamia YouTube na Facebook, ambako vituo viliendelea kurusha picha. Wasio na bando walibaki na redio na uvumi wa stendi.

Siku iliyofuata Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisema vituo vitabaki vimezimwa hadi uchunguzi uishe. Usiku huo Kaikai, Madowo na mtangazaji mwenzao Ken Mijungu walilala ofisini Nation Centre, wakihofia kukamatwa wakitoka nje. Ilibidi Mahakama Kuu iwape kinga dhidi ya polisi. Februari 1, Jaji Chacha Mwita aliamuru vituo virudishwe hewani katika kesi ya mwanaharakati Okiya Omtatah. Serikali ikaikalia amri. NTV na KTN zilirudi Februari 5, Citizen na Inooro Februari 8.

Hadi hapo ilikuwa hadithi rahisi kusimulia. Serikali ilikuwa mbaya, kituo kilikuwa jasiri, na watangazaji walikuwa mashujaa waliolala sakafuni. Lakini ni wiki chache tu zilizopita kabla mambo hayajageuka. Kaikai akaondoka kwenye uongozi wa NTV. Safu ambayo Madowo alikuwa akiandika kila wiki katika gazeti la kampuni hiyohiyo, Daily Nation, ikaondolewa, naye akayasema hayo hadharani mtandaoni ambako alikuwa na wafuasi wengi kuliko wanasiasa wengi. Muda si muda akawa ameondoka, na BBC ikamchukua kuwa mhariri wake wa habari za biashara za Afrika.

Serikali ilishindwa kumtoa ndani ya jengo lile. Mwezi mmoja na kidogo baadaye akatoka mwenyewe kwa mlango wa mbele, na waliokuwa upande wa pili wa ugomvi safari hii walikuwa waajiri wake.

Ilikuwaje?

Jumapili ya Kabarak

Rudi nyuma miaka 36. Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walijaribu kupindua serikali. Rais Daniel arap Moi hakuwa Nairobi. Alikuwa nyumbani kwake Kabarak, mwendo mfupi tu kutoka mjini Nakuru. Waasi hawakuanza kwa kumfuata huko. Jengo walilolitaka kwanza lilikuwa la Sauti ya Kenya, VoK, kituo pekee cha utangazaji nchini. Walimtoa nyumbani mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakampeleka studio chini ya bunduki, wakamwamuru aitangazie nchi kwamba serikali ya Moi imeanguka.

Walijua walichokuwa wakifanya. Sauti ya Mbotela, mtu wa "Je, Huu ni Ungwana?", ilikuwa sauti ambayo nchi iliiamini kwa mambo madogo ya kila siku: jinsi ya kula mbele za watu, jinsi ya kuzungumza na wakubwa. Sauti iliyozoeleka hivyo ikisema serikali imeanguka, imeanguka. Na ilipofika wakati wa kuwatuliza wananchi kwamba waasi wameshindwa, jeshi lililobaki upande wa Moi liliona umuhimu wa jengo lilelile. Moi alisindikizwa kutoka Kabarak kurudi Nairobi, na redio ikatangaza kwamba serikali ipo.

Katika siku hiyo moja Mbotela aliwatumikia mabwana wawili, na hakuna aliyemuuliza maoni. Alifariki Februari 2025, na kwa miaka yote iliyobaki watu hawakuchoka kumuuliza juu ya saa zile chache.

Somo ambalo serikali ilichukua halikuwa gumu: mwenye mtambo ndiye mwenye sauti. Miaka iliyofuata, VoK ikiitwa KBC kuanzia 1989, habari zilianza na Mtukufu Rais hata kama amefanya nini siku hiyo. Wikendi, hilo "hata kama" mara nyingi lilikuwa kwetu. Rais yuko Kabarak, Rais yuko kanisani, Rais amepokea wajumbe. Kizazi kizima cha Bonde la Ufa kilikua kikiona mji wake kwenye runinga, lakini kama ukuta wa nyuma tu wa picha ya mtu mmoja.

KTN ilipoanza 1990 kama kituo cha kwanza cha runinga cha kibinafsi, na Nation ikafuata na runinga yake mwishoni mwa muongo, tuliambiwa zama zile zimekwisha. Kwa kiasi fulani ni kweli. Mtambo ulitoka mkononi mwa serikali. Ila uliingia mkononi mwa watu wengine, na watu hao nao wana mambo yao: hisa, mikopo, leseni, marafiki, na wenzao wa kula nao chakula cha mchana. Standard Group, wenye KTN, wakawa karibu na familia ya Moi. Mediamax, wenye K24, wakawa karibu na familia ya Kenyatta. Nation Media Group ikawa na mwenyehisa mkubwa kutoka taasisi za Aga Khan, zenye shughuli nyingi katika eneo hili kuanzia hospitali hadi hoteli. Ukiwa na hospitali, shule na hoteli katika nchi moja, huwezi kugombana na serikali yake kila Jumatatu.

Nani hupelekwa The Hague

Kuna sura moja ya hadithi hii ambayo Nairobi huisahau, na sisi huku hatuwezi. Kass FM, redio ya Kikalenjin inayosikilizwa bonde lote, ilifungiwa na serikali kwa muda mnamo Novemba 2005, wakati wa kura ya maoni ya katiba. Miaka miwili baadaye likaja lile la Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa Desemba 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwezi mmoja hivi baadaye, mwishoni mwa Januari 2008, Nakuru na Naivasha ziliwaka. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima.

Kati ya Wakenya walioshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mmoja alikuwa mtangazaji: Joshua arap Sang, mwenye kipindi cha asubuhi Kass FM. Kesi yake, pamoja na ya William Ruto, ilianza Septemba 2013 na kusitishwa Aprili 5, 2016, majaji wawili kati ya watatu wakiona ushahidi hautoshi kuendelea. Hakuhukumiwa, wala haikuandikwa kwamba amesafishwa kabisa. Lakini angalia nani alikuwa kizimbani. Hakukuwa na mwenye kituo, mkurugenzi, wala kampuni. Kwa miaka ile yote jina lililokuwa kwenye faili lilikuwa la mtu aliyekuwa mbele ya kipaza sauti.

Sisemi asingeulizwa. Mtu anayeongea na mamilioni asubuhi lazima ajibu kwa anachosema, na waliopoteza watu wao walistahili kesi kamili. Ninachosema ni kwamba bonde hili lilijifunza jambo kwa njia ngumu. Kituo kinaweza kuwa kikubwa vipi, siku ya hatari inayobeba mzigo ni sura na sauti ya mtu mmoja.

Na kulikuwa na somo la pili, la kimyakimya zaidi. Aprili 30, 2015, John Kituyi, mhariri wa gazeti dogo la Mirror Weekly huko Eldoret ambaye alikuwa ameandika juu ya kesi za ICC, aliuawa akielekea nyumbani. Mwandishi mdogo wa mji mdogo hana makao makuu ya kulala sakafuni.

Baada ya 2008 vyombo vya habari vya Kenya vilibadilika. Vilianza kuimba amani. Uchaguzi wa 2013 uliripotiwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala. Na tuseme ukweli: watu wengi wa Nakuru walipenda hivyo. Ukiwa umewahi kuona moshi ukipanda juu ya mtaa wa jirani, mtangazaji mtulivu si adui yako. Hata Januari 2018 skrini zilipozimwa, si kila mtu hapa alikasirika. Kuna waliosema, afadhali. Afadhali tusione, afadhali vijana wasipandwe na mori.

Hoja hiyo ina uzito, na mtu asiyejua 2008 hana haki ya kuicheka. Lakini ikumbuke pia historia. Marufuku ya Desemba 30, 2007 haikuzuia chochote. Nakuru iliungua takriban wiki nne baadaye, watu wakiwa wamekaa wiki hizo nne wakila uvumi, ujumbe wa simu na hofu. Giza halikutulinda. Lilichofanya ni kumpa mwongo nafasi ya kwanza.

Pesa haina kelele

Sasa turudi kwa swali la Madowo. Serikali iliyoshindwa kumkamata mtangazaji ilikuwa na njia gani nyingine ya kufika kwake?

Mnamo 2015 Kenya ilihamia mfumo wa dijitali. Kabla ya hapo kila kituo kikubwa kilikuwa na mitambo yake juu ya vilima. Nairobi ilizimiwa analogi mwisho wa 2014, na mapema Februari 2015 ikawa zamu ya miji mingine, Nakuru ikiwemo. Vituo vikubwa viligoma, vikitaka masafa yao wenyewe, vikazimwa Februari 14 na kukaa siku 19 nje ya hewa. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa tu ghasia ya kununua dikoda. Kwa wenye vituo ilikuwa hasara iliyoingia mfupani, wakati ambapo matangazo ya biashara yalikuwa tayari yanahamia Facebook na Google.

Mteja mkubwa aliyebaki alikuwa serikali yenyewe. Mwaka 2015 hiyo ndiyo iliyoanza kuyapitisha matangazo yake yote katika ofisi moja, na kufikia 2017 ilikuwa na kijarida chake, MyGov, kinachoingizwa ndani ya magazeti. Zabuni, nafasi za kazi, notisi za kaunti: vitu ambavyo wewe huvipita ukitafuta michezo ndivyo vilivyokuwa vinalipa mishahara. Ofisi moja sasa ingeweza kutoa au kunyima. Pia ingeweza kukawia kulipa, na madeni ya serikali kwa vyombo vya habari yakafika mabilioni ya shilingi.

Hapo hakuna haja ya polisi. Huhitaji kumpigia mtangazaji simu, wala hata mhariri wake. Unachelewesha malipo, na mtu wa hesabu anaenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi anaenda kwa bodi, bodi inamwita mhariri, mhariri anashuka ngazi hadi studio akiwa na uso wa pole. Kufikia hapo hakuna anayeongea lugha ya siasa. Ni "mwelekeo mpya wa vipindi". Ni "kupunguza gharama". Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na kampuni za habari za Kenya huzaa kila mwisho wa mwezi.

Ukiangalia Nation Media Group peke yake, mlolongo unaonekana. Januari 2, 2016, gazeti la Jumamosi lilichapisha tahariri iliyomwambia Rais wazi kwamba mambo yameharibika na ajirekebishe. Mhariri aliyeiandika, Denis Galava, alisimamishwa kazi kisha akafutwa. Mwaka huohuo mkataba wa mchoraji Gado haukuongezwa. Mwaka huohuo tena kampuni ilifunga redio zake na QTV, runinga yake ya Kiswahili. Kisha ikaja 2018, Kaikai na Madowo.

Machi 27, 2018, waandishi wanane wa safu za Nation walijiuzulu kwa pamoja. Walikuwa Maina Kiai, George Kegoro, Kwamchetsi Makokha, Muthoni Wanyeki, Rasna Warah, Padre Gabriel Dolan, Gabrielle Lynch na Nic Cheeseman. Katika taarifa yao waliyataja haya moja baada ya jingine: kufutwa kwa Galava, Gado, kuondolewa kwa Kaikai, kuondolewa kwa safu ya Madowo. Walisema hawawezi kuendelea kuiazima kampuni heshima yao. Kile ambacho mitaani kilikuwa kimezungumzwa kama stori ya nyota wa runinga na bosi wake, wao walikiweka kwenye mstari mmoja na kukipa tarehe.

Ndiyo maana naona ugomvi ule ni historia. Serikali ilizima mtambo kwa siku tisa na dunia nzima ikapiga kelele. Yaliyofuata ndani ya jengo hayakuwa na kelele, na yakadumu zaidi.

Si kila anayetoka ni shujaa

Kabla hatujamvisha kila mtangazaji aliyegombana na kituo taji la ukombozi, tukumbuke kisa kingine, cha miezi 14 kabla ya hapo.

Novemba 2016 Jeff Koinange alikuwa na kipindi chake KTN, JKL, kilichokuwa kikitazamwa kama mechi. Usiku mmoja aliwaweka mezani Miguna Miguna na Esther Passaris, wote wakiutaka ugavana wa Nairobi. Miguna alimtolea Passaris maneno machafu ya kumdhalilisha kama mwanamke, na mwenyeji wa kipindi, badala ya kumkatiza, alionekana akicheka na kuendesha onyesho. Lawama zilimwagika, na KTN ikakiondoa kipindi. Mwaka uliofuata Koinange alikuwa Citizen na JKL ikafufuka huko, taji na makofi yakiwa vilevile.

Hapo pia ni mtangazaji na kituo wakiachana hadharani. Lakini hakuna aliyekandamizwa isipokuwa mgeni mmoja wa kike aliyekaa pale akitukanwa huku taa zikiwaka. Na jiulize: kituo kilikuwa kimefaidika na mtindo huohuo wa fujo kwa muda gani kabla ya usiku ule? Kilichomwondoa Koinange ni aibu iliyozidi faida. Hesabu ilikuwa ileile ya pesa, ila safari hii ilielekea upande unaofaa, kwa bahati.

Historia ina kejeli zake. Miguna yuleyule ndiye aliyesimama Uhuru Park Januari 30, 2018 pembeni ya Raila wakati wa kiapo, na siku chache baadaye akafukuzwa nchini. Mtu mmoja, akiwa chanzo cha kipindi kimoja kufutwa kwa sababu nzuri, na sehemu ya tukio lililozimisha vituo vinne kwa sababu mbaya. Ukitaka kujua kama ugomvi wa runinga una maana, usiangalie nani anapendwa. Uliza ni maneno gani hayakuruhusiwa kusemwa, na nani angefaidika yasiposemwa.

Na Madowo mwenyewe? Hakuwa mtakatifu, na hakuwahi kudai hivyo. Alikuwa kijana aliyepata umaarufu kwa The Trend, kipindi cha Ijumaa usiku cha muziki, vichekesho na mambo ya mtandaoni. Alikuwa zao la kituo kwa kiwango kilekile ambacho kituo kilikuwa kinauza kwa jina lake. Hilo ndilo linalofanya kisa chake kiwe na mafunzo. Akitoka mwanaharakati, tunasema tulijua. Lakini ukuta ukimfikia hata kijana wa burudani, maana yake umesogea sana.

Wasio na BBC

Kuna jambo moja linalonisumbua katika hadithi hii, na ni la kwetu kabisa. Madowo alipofungiwa mlango mmoja, mwingine ulifunguka. BBC, kisha masomo Columbia kule New York, kisha CNN, akirudi Nairobi kama mwandishi wa kimataifa. Kaikai alienda Royal Media. Koinange alienda Citizen. Wenye sura wana pa kwenda, kwa sababu sura ni mtaji unaobebeka.

Sasa fikiria mwandishi wa Nakuru. Wengi wanaoandika kutoka hapa, Molo, Naivasha, Baringo, Kericho, si waajiriwa wa kudumu. Wanalipwa kwa kila habari inayotumika. Habari isipotumika, amekula hasara ya nauli, bando na siku nzima. Huyo haitaji barua ya kufutwa kazi. Akiandika juu ya shamba la mkubwa fulani huko Njoro, au bwawa, au fidia ya wakimbizi wa ndani, na habari isitumike mara tatu, ameelewa. Mwezi wa pili anaandika juu ya mbio za shule na hotuba ya gavana. Hakuna aliyetangaza lolote Twitter. Hakuna kinyozi anayeuliza kama ameacha au ameachishwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamjua.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, na kwenye habari nyasi ni hizi. Ugomvi wa mtu maarufu unaonekana. Kimya cha mwandishi wa wilayani hakionekani, ingawa kinatokana na mkono uleule. Na Bonde la Ufa ni mahali ambapo habari ndogo ya wilayani, kama ya mpaka wa shamba au vijikaratasi vya vitisho vilivyosambazwa usiku, ndiyo huwa ya kwanza kutuambia moto unakuja. Ilikuwa hivyo Molo 1992, ikawa hivyo 2007. Sauti ile ndogo ikizimwa kwa njaa, tutakuwa tumezimwa dikoda bila hata kujua.

Juni 2024 kizazi kipya kiliingia barabarani dhidi ya Mswada wa Fedha, na Nakuru nayo ikaandamana. Picha nyingi zilitoka kwenye simu za wenyewe. Madowo alikuwa mitaani Nairobi na kipaza sauti cha CNN, hewa ikiwa imejaa moshi wa vitoa machozi, akisema mambo ambayo waliokuwa wenzake zamani walilazimika kuyapima mara mbili. Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kurusha maandamano ya kumbukumbu moja kwa moja, na NTV, KTN na K24 zikazimwa. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo haraka.

Miaka saba imepita kati ya giza moja na jingine, na kitabu cha maagizo bado ni kilekile. Kilichobadilika ni sisi: wengi hawakungoja runinga irudi, walikuwa wameshafungua simu. Lakini simu nayo ina mwenye mtambo wake, na huyo haishi Kenya.

Kwa hiyo wakati mwingine sura unayoipenda ikipotea hewani, uliza lile swali la kinyozi, si kosa. Halafu ongeza mawili. Uliza ni habari gani ilikuwa mezani wiki ile. Na uliza nani kutoka huku kwetu, ambaye humjui jina, aliacha kuandika mwezi huohuo.